Kibali cha mazishi si cheti cha kifo: Karatasi inayowakwamisha watoto miaka mingi baada ya matanga

FOMU ya basari huwa fupi. Jina la mwanafunzi, shule, wadi, sahihi ya chifu. Kisha inafika sehemu ya wazazi: baba yu hai au amefariki? Ukitia alama kwenye ‘amefariki’, mstari unaofuata unakutaka uambatishe nakala ya cheti cha kifo.

Hapo ndipo familia nyingi hugundua kwamba kile walichohifadhi tangu siku ya mazishi si cheti. Ni kibali cha mazishi, ile karatasi iliyotolewa hospitalini au na naibu wa chifu ili mwili utoke mochari na kaburi lichimbwe. Kina jina la marehemu, kina tarehe, kina muhuri. Kwa macho ya mtu aliyefiwa kinafanana kabisa na cheti. Lakini kibali kinaruhusu maziko tu. Cheti ndicho kinachothibitisha mbele ya benki, mahakama, shule na serikali kwamba mtu huyu hayupo tena.

Tofauti hiyo haionekani wiki ya kilio. Wakati huo kuna jeneza la kununuliwa, hema la kukodishwa, wageni wa kulishwa na bili ya hospitali. Kamati ya mazishi ikishavunjwa na wageni wakarudi Nairobi na Mombasa, hakuna anayekumbuka kwamba kazi moja imebaki. Mjane anaanza kutafuta riziki. Mtoto wa darasa la tatu anaendelea kukua. Baada ya miaka kumi anahitaji mkopo wa HELB wa chuo kikuu, ambako mwombaji aliyefiwa na mzazi hutakiwa kuthibitisha hivyo, na hapo familia nzima inaanza kuulizana: ile karatasi ilibaki na nani?

Si basari na mkopo pekee. Mtoto anayetimiza miaka 18 na kwenda kuchukua kitambulisho huulizwa vitambulisho vya wazazi wake, na aliyefiwa huulizwa cheti. Pasipoti ya mtoto inahitaji idhini ya wazazi. Mmoja akiwa marehemu, cheti ndicho kinachosimama mahali pake. Akiba ya NSSF, hisa za sacco, malipo ya bima na pesa zilizobaki kwenye akaunti au laini ya simu, yote huanza na cheti hicho. Shamba ndilo gumu zaidi. Faili ya mirathi haifunguliwi kortini bila cheti cha kifo, iwe kwa hakimu, kwa jaji au kwa Kadhi. Na bila mirathi, hati ya shamba inabaki kwa jina la mtu aliyezikwa, huku kila mwanaukoo akijikatia kipande kwa macho.

Sababu moja ya watu kuhangaishwa ni kwamba hawajui waende kwa nani. Tangu Katiba ya 2010, hospitali nyingi za umma ziko chini ya serikali za kaunti. Daktari anayethibitisha kifo, karani wa rekodi anayejaza fomu na mochari yenyewe vyote ni vya kaunti. Lakini usajili wa vizazi na vifo ulibaki kuwa kazi ya serikali ya kitaifa. Kwa hivyo ukienda afisi ya afya ya kaunti kuomba cheti utaambiwa hawatoi, na ukienda kwa msajili utaulizwa kama hospitali ilishapeleka fomu. Wote wawili wanasema kweli. Hospitali hutoa taarifa ya kifo; msajili huiandika kwenye rejista na kutoa cheti. Wewe uko katikati, na nauli ni yako.

Mtu akifia hospitalini, mambo huanza na fomu inayoitwa D1. Hujazwa na mhudumu wa afya aliyemwona mgonjwa au aliyeithibitisha maiti, na kutokana nayo ndipo familia hupewa kibali cha mazishi. Kila kibali kina namba iliyochapishwa. Namba hiyo ndiyo uzi unaounganisha karatasi iliyo mkononi mwako na rejista ya serikali, kwa hivyo kabla mwili haujaondoka mochari, kipige picha kibali kwa simu, pande zote mbili, na uitume picha hiyo kwa watu wawili unaowaamini. Nalisisitiza hili kwa sababu ninajua jinsi kibali kinavyosafiri siku ya mazishi. Dereva wa gari la maiti hukihitaji kuwaonyesha polisi njiani. Mwenyekiti wa kamati hukitia kwenye faili lake. Mchungaji au imamu hutaka kukiona. Jioni ikifika hakuna anayejua kiko kwa nani.

Sehemu ya fomu ambayo familia huipuuza zaidi ndiyo iliyo muhimu zaidi kwa watoto: chanzo cha kifo.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lina utaratibu wa kuandika chanzo cha kifo unaotumika pia hapa nchini. Mstari wa juu huandikwa kilichomuua mgonjwa moja kwa moja. Mistari ya chini yake huandikwa kilichosababisha hicho, na kilichosababisha hicho kingine, mpaka mwanzo wa mambo. Chukulia mzee aliyeishi na kisukari miaka 15, kikamharibu figo, mwili ukajaa maji, mwishowe moyo ukasimama. Kwa takwimu za afya, mzee huyo ameuawa na kisukari. Lakini kwenye vyeti vingi utasoma tu kwamba moyo na mapafu yalisimama. Hilo si chanzo. Kila binadamu anapokufa moyo wake husimama. Ni sawa na kusema amekufa kwa sababu amekufa.

Daktari aliyechoka, zamu ya usiku, wodi imejaa, huandika hivyo na kuendelea. Namwelewa. Lakini mtoto wa mzee yule anapofika miaka 40 na daktari mwingine akamuuliza kama kuna kisukari katika familia, atajibu nini? Wakenya wengi hawana historia ya afya ya familia iliyoandikwa mahali popote isipokuwa kwenye cheti cha kifo cha mzazi. Saratani ya matiti kwa mama ni habari ambayo binti anaihitaji akiwa hai na mzima. Vivyo hivyo shinikizo la damu na kiharusi. Una haki ya kumuuliza daktari, kabla hujapokea kibali: chanzo ulichokiandika ni kipi, na ugonjwa aliougua miaka yote umeuandika? Uliza kwa heshima. Ni rahisi zaidi kumfikia daktari siku hiyo kuliko miaka mitano baadaye, wakati amehamishiwa kaunti nyingine.

Lipo pia jambo linalozungumzwa kwa sauti ya chini. Chanzo cha kifo huonekana kwenye cheti, na cheti hicho kitasomwa na karani wa benki, mwalimu mkuu na pengine shemeji asiyekupenda. Ndiyo maana baadhi ya familia humsihi daktari aandike homa ya mapafu pekee badala ya Ukimwi, au asitaje kujiua. Aibu hiyo siidharau. Lakini ikiwa ukweli unafichwa kwenye karatasi, basi angalau usifichwe kwa mwenzi aliyebaki na watoto wanaopaswa kupimwa. Hao hawawezi kutibiwa kwa heshima ya jina la familia.

Anayefia nyumbani ana njia yake. Hapo fomu ni D2, na anayeijaza ni naibu wa chifu. Yeye ndiye anayetoa kibali cha mazishi kijijini. Jambo la kwanza, basi, ni kumjulisha kabla ya kuzika, hata kama ni kwa kumpigia simu usiku. Naibu wa chifu si daktari, naye huandika anachoambiwa. Ukimwambia ‘homa’, ataandika homa. Ukimwambia ‘uzee’, ataandika uzee. Ikiwa marehemu alikuwa na kadi ya kliniki, daftari la dawa za presha au barua ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, mpelekee. Huko Kilifi na Siaya, watafiti wa KEMRI wamekuwa kwa miaka mingi wakizitembelea nyumba zilizofiwa na kuwauliza jamaa kuhusu dalili za mwisho ili kukadiria ugonjwa uliosababisha kifo. Kwingineko nchini, hilo daftari la kliniki huenda likawa ushahidi pekee.

Baada ya kujaza fomu, hospitali na manaibu wa chifu hupeleka taarifa zao kwa msajili kwa vipindi, si siku hiyo hiyo. Ukikimbilia kwa msajili wiki ya mazishi unaweza kuambiwa jina halijafika. Usikate tamaa na usiende kwa broka. Muulize naibu wa chifu au karani wa rekodi ni lini rejista ilipelekwa, kisha urudi.

Shida kubwa iko kwa waliozikwa bila kibali chochote. Ripoti za Shirika la Takwimu nchini, KNBS, za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba vifo vinavyosajiliwa Kenya ni nusu, au zaidi kidogo tu, ya vifo vinavyokadiriwa kutokea. Watoto huandikwa zaidi ya wafu, na sababu haifichiki: bila cheti cha kuzaliwa mtoto hawezi kuandikishwa mtihani wa kitaifa, kwa hivyo mzazi hulazimika. Marehemu hamlazimishi mtu.

Katika Pwani na kaskazini mwa nchi, dini na desturi huongeza sababu nyingine. Muislamu aliyefariki alfajiri huzikwa adhuhuri au alasiri. Hakuna mochari, hakuna gari la maiti, hakuna polisi wa kuuliza karatasi njiani. Mwili hutoka nyumbani hadi msikitini, kisha makaburini, na watu hurudi kusoma hitima. Naibu wa chifu husikia habari kesho yake, akiwa amekuja kutoa pole kama jirani mwingine yeyote. Kuzika mapema ni sunna na hakuna anayeomba icheleweshwe. Kinachohitajika ni mtu mmoja, kijana tu mwenye bodaboda, apelekwe kwa naibu wa chifu na kitambulisho cha marehemu wakati wengine wanachimba kaburi na kuosha maiti.

Ikiwa haikufanyika hivyo, kuna miezi sita. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo, Sura ya 149, inasema kifo kisichoandikishwa ndani ya miezi sita tangu kutokea hakitaandikishwa ila kwa idhini ya maandishi ya msajili mkuu na kwa kulipa ada ya kuchelewa. Hapo utahitaji mashahidi, barua ya chifu na ushahidi wa kifo chenyewe, na safari huzidi kuwa nyingi.

Sasa hebu tuhesabu. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura. Anapomaliza eda, akaoga, akavua nguo za kizuka na kuanza kushughulikia mambo yake, katika ile miezi sita imebaki mmoja na siku 20. Ikiwa watoto ni wadogo na wakwe wako kimya, muda huo hupita kama upepo. Ndugu wa mume, au wa mke mwenyewe, wanaweza kwenda kuandikisha kifo yeye akiwa eda. Si lazima aende mjane. Ni vizuri jambo hilo litajwe siku ya arubaini wakati ukoo mzima umekaa mkekani. Baada ya hapo kila mtu huwa na lake.

Kifo cha ghafla, cha ajali au cha kushambuliwa hupitia polisi kwanza. Taarifa huandikwa kwenye kitabu cha matukio, OB, na upasuaji wa maiti huweza kuhitajika kabla ya kibali kutolewa. Chukua namba ya OB na uihifadhi pamoja na kibali. Kampuni ya bima ya gari itaiomba, na chanzo cha kifo kwenye cheti kinapaswa kulingana na kile alichoandika aliyefanya upasuaji.

Kuna kifo kimoja ambacho hata familia zenye mpangilio hazikiandikishi: cha mtoto mchanga. Mama amejifungua Jumatatu, mtoto amefariki Jumatano, na wanawake wazee wanamwambia asilie sana, atapata mwingine. Mwili mdogo huzikwa kimyakimya. Lakini mtoto aliyezaliwa akiwa hai, hata akiishi saa mbili, ni mtu mbele ya sheria. Kuzaliwa kwake huandikishwa, na kifo chake pia. Sheria yenyewe inakwenda mbali zaidi: inapoeleza maana ya kuzaliwa, inamhesabu pia mtoto anayetoka tumboni baada ya wiki ya 28 ya ujauzito, awe hai au mfu. Baadhi ya wazazi hawataki karatasi hizo, na hilo ni lao. Wengine hugundua baadaye kwamba ndiyo kumbukumbu pekee waliyo nayo. Na kwa wizara ya afya, hospitali ambako watoto wachanga wanakufa bila kuandikwa ni hospitali inayoonekana haina tatizo.

Turudi kwa aliye na kibali mkononi. Maombi ya cheti hufanywa kupitia eCitizen, kwenye huduma za usajili wa raia, au kwa kusaidiwa katika Huduma Centre na afisi za msajili zilizo katika kaunti ndogo. Utahitaji kibali cha mazishi na kitambulisho chako wewe unayeomba. Kitambulisho halisi cha marehemu hurejeshwa serikalini, kwa hivyo tengeneza nakala zake mapema, nyuma na mbele. Ada ilikuwa Sh50 kwa miaka mingi. Mwaka 2024 serikali iliipandisha hadi Sh200, na ya kuandikisha kwa kuchelewa kutoka Sh150 hadi Sh500. Malipo ni kwa eCitizen. Yule kijana aliyesimama langoni na bahasha ya kaki akikuambia atakuharakishia kwa mara kadhaa ya bei hiyo hana rejista nyingine nyumbani kwake.

Majina ndiyo yanayowaumiza watu zaidi. Hospitalini mgonjwa huandikishwa na aliyemleta, mara nyingi usiku na kwa hofu. Jirani humjua kama Baba Karisa. Mjukuu humjua kwa jina la ubatizo. Mohamed anakuwa Muhammad, Wanjiru anakuwa Wanjiku, Ann anaongezewa herufi. D1 huchukua jina lililo kwenye faili, cheti huchukua lililo kwenye D1, kisha benki inakataa kwa kuwa kitambulisho kinasema vingine. Nyumbani kwetu tuliishi na babu mmoja mwenye majina matatu: la hati ya shamba, la kitambulisho na la kwenye cheti cha kifo. Ilibidi wazee waapishwe kwamba wote watatu walikuwa mtu mmoja, tena aliyewahi kuwafunza hesabu.

Dawa yake ni ndogo. Mgonjwa anapolazwa, toa kitambulisho chake na umwangalie karani akinakili. Akifariki, kabla hujapokea kibali, soma jina herufi kwa herufi, kisha namba ya kitambulisho, umri na tarehe. Kosa likionekana hapo, hurekebishwa kwa kalamu na muhuri. Likionekana baada ya cheti kutoka, huhitaji kiapo, nakala za stakabadhi nyingine na subira. Na siku ya kupokea cheti, usiondoke dirishani kabla ya kukisoma vivyo hivyo, hata kama foleni nyuma yako inanung’unika.

Nakala ngapi? Hapa ushauri wangu ni wa mfukoni zaidi kuliko wa kisheria. Benki, sacco, NSSF, bima na korti zinaweza kutaka kuona cheti halisi au nakala iliyothibitishwa, na zote hazitakusubiri umalizane na moja. Familia yenye shamba, akaunti mbili na watoto watatu shuleni haitatoshwa na karatasi moja inayozungushwa kwa matatu. Zipo fotokopi zilizothibitishwa na wakili au kamishna wa viapo, ambazo shule na basari hukubali kwa kawaida. Cheti halisi usimwachie mtu ovyo. Afisi ikitaka kukihifadhi, uliza kwanza kama nakala iliyothibitishwa itatosha, na ikishindikana, dai stakabadhi ya kuonyesha wamekipokea.

Halafu kuna vita vya ndani. Katika nyumba nyingi, kibali hubaki kwa ndugu wa marehemu, na urithi ukianza kuzungumzwa, mjane huambiwa kimepotea. Katika nyumba ya wake wawili, mmoja hukificha mwenzake asikione. Hapa ni vizuri kila mama ajue jambo moja: cheti hutolewa kutoka rejista ya serikali, hakitoki kwenye mkoba wa shemeji. Ikiwa kifo kiliandikishwa, rejista inaweza kutafutwa kwa jina, tarehe na mahali kilipotokea, na nakala nyingine ikatolewa kwa ada. Idara ya rekodi ya hospitali ina namba ya ile D1. Naibu wa chifu ana kumbukumbu za D2 alizojaza. Nenda na kitambulisho chako, cheti cha ndoa ukiwa nacho, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vinavyoonyesha jina la baba yao.

Hiyo ni sababu nyingine ya baba kuandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto akiwa hai. Lakini hilo ni somo la wiki nyingine.

Kwa familia zenye watu Saudi Arabia, Qatar, Oman na nchi nyingine za Ghuba, naibu wa chifu hawezi kuandika kifo kilichotokea huko. Kinachohitajika ni cheti cha nchi ile, na mwili unaposafirishwa huja na stakabadhi zilizopitia ubalozi wa Kenya. Zisome mkiwa bado uwanja wa ndege, si baada ya wiki. Kama cheti ni cha Kiarabu, mtahitaji tafsiri inayokubalika kortini. Na linganisheni chanzo cha kifo kilichoandikwa na mnachokijua. Familia inayotilia shaka chanzo hicho huweza kuomba upasuaji wa maiti ufanyike hapa, mradi iombe kabla ya kuzika.

Mwishowe kuna wale ambao hakuna mwili wa kuzika. Mvuvi aliyetoka na ngalawa asirudi, kijana aliyepanda basi kwenda kutafuta kazi na simu yake ikazimika. Kwao hakuna D1 wala D2. Sheria ya Ushahidi inaruhusu mtu achukuliwe kuwa amefariki ikiwa hajasikika kwa miaka saba na wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake. Familia hupeleka ombi kortini ikiwa na taarifa ya polisi iliyoandikishwa wakati alipopotea, viapo vya jamaa na barua ya chifu. Kama taarifa ya polisi haijaandikishwa, iandikishwe sasa hivi, hata kama wenyewe bado mnamtarajia arudi.